Mzani wa Mangi

Miaka tisa nabeba mizigo ya watu.
Getini Machame kuna mzani wa ndoano:
kilo ishirini. Ikizidi, unapunguza
palepale, wenzako wakikutazama.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio
ni kanda la usufi. Waliosema
hawakupanda Barranco asubuhi
na meza ya mgeni kichwani.

Basi kufungasha najua.
Kizito kikae karibu na uti wa mgongo,
cha mvua juu, kinachovunjika ndani ya nguo.
Kwa hiyo wiki ile jina langu lilipokosa safari
nilimwambia Aikande, wewe kaa,
ni usiku mmoja tu Ziwa Chala,
na mtoto ni mmoja, mwaka na miezi minane.
Akakaa. Akavuta ungo, akachambua mchele,
nikaona mabega yake yanacheka.

Nepi za kitambaa, kumi na mbili.
"Kumi na nane," akasema, macho kwenye mchele.
Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai.
Poti la kijani, maana bila lile
Mkunde hujifunga kama benki siku ya Jumapili.
Sweta la bibi yake wa Kibosho
lenye kifungo kimoja kisicho ndugu na vingine.
Dawa ya homa na bomba lake.
Chandarua. Mafuta ya mgando. Kanga mbili:
moja ya mgongoni,
moja ya kila kitu kingine.

Mkunde naye alifungasha.
Nikiingiza viwili, anatoa kimoja,
anaweka chake: mwiko, kiazi,
ndala yangu ya kushoto,
jiwe alilolitoa Mungu anajua wapi.
Nikatoa jiwe. Akalia.
Nikarudisha jiwe.
Niliwahi kumbebea mgeni kitabu kizito kulishinda,
siku sita, hakukifungua,
na sikuuliza.

Tuliupima dukani, kwenye mzani wa mahindi.
Kilo ishirini na sita.
Mangi akachungulia Noah ya shemeji,
akauliza, "Mnahama Pasua?"

Kule Chala upepo ulipanda kutoka majini
ukatikisa hema kama mwenye deni lake.
Mkunde hakutaka doli, hakutaka mpira.
Alitaka mfuko mtupu.
Aliingia, akatoka, akaingia,
kila akitoka anashangaa kutukuta bado tupo,
mpaka giza likaingia naye.

Saa nane za usiku akaamka analia.
Uji, akausukuma.
Jiwe lake, akalitupa, likagonga sufuria.
Nikavaa tochi ya kichwani, nikapekua
kilo zote ishirini na sita, moja moja,
mimi, bingwa wa kufungasha,
sioni anachotaka.
Nikazima taa, nikajilaza kando yake.
Kiganja kidogo, kinanuka ulezi,
kikapapasa shingo yangu, kikapanda,
kikaipata ndewe ya sikio, kikaibana.
Kimya.
Nililala hivyo, shingo imepinda,
sikio moja limeazimwa,
nausikiliza upepo kwa lile lililobaki.

Asubuhi Kibo kilikuwa wazi, cheupe juu.
Nilikuwa nikitafuta mwiko wa kukorogea chai.
Mkunde, matako wazi, juu ya poti lake,
akanyosha kidole mlimani.
"Kazi," akasema.
Halafu akanitazama usoni, kidole bado kule juu:
"Baba kazi."
Aikande akageuka, akakung'uta kanga
isiyokuwa na vumbi.

Ukienda na wako, chukua sabuni.
Ya kipande, hata nusu yatosha.
Mimi niliisahau,
na nepi kumi na nane, zote zimetumika,
zilirudi nasi kupitia Himo,
madirisha wazi, mvua ikiingia,
hakuna aliyethubutu kuyafunga.